Kutoka Mabanda ya Villawood: Easybeats na Karakana Waliyoiacha

Ndugu wanamuziki, mafundi mitambo, watangazaji, na ninyi nyote mliokuja kusikiliza, hamjambo? Karibuni.

Mada ya jioni hii ni bendi ya Australia iliyoishi miaka mitano tu. Easybeats walianza Sydney mwishoni mwa 1964, na kufika mwishoni mwa 1969 walikuwa wamevunjika, wana madeni, na wimbo wao mkubwa ulikuwa umepita miaka mitatu nyuma yao. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni bendi ya kibao kimoja. Mimi naikataa hesabu hiyo. Wawili kati ya hao watano, George Young na Harry Vanda, walibeba kila walichojifunza kwenye kufeli kwao, wakakipeleka kwenye studio moja ya mtaa wa King, Sydney, na mle ndani ndimo bendi ya roki ya AC/DC ilimotengenezewa santuri zake za mwanzo. Kwa hiyo nitazungumza kidogo kuhusu kelele za mashabiki na kwa urefu kuhusu kazi yenyewe: mikataba, mikanda, nyuzi za gitaa, na mahali mambo yalipoharibika.

Tuanzie kambini. Villawood ni kitongoji cha magharibi ya Sydney, na serikali ilikuwa na hosteli ya wahamiaji pale. Familia zilikaa kwenye mabanda ya bati yenye paa la nusu duara, yanaunguza kiangazi na kugandisha kipupwe, chakula kinaliwa kwenye bwalo moja. Mtu mzima kutoka Uingereza alilipa pauni 10 tu za nauli ya meli, nyingine ikalipwa na serikali, kwa sharti akae angalau miaka miwili, la sivyo arudishe gharama. Waholanzi nao walikuwa na mpango wao. Hapa lazima jambo lisemwe wazi: mlango ule ulikuwa wa Wazungu. Australia ilikuwa na sera ya kuwafungia nje Waafrika na Waasia, na sera hiyo ilifutwa kabisa 1973 tu. Tunaposema Easybeats walikuwa bendi ya wahamiaji, tujue pia ni wahamiaji gani walioruhusiwa kuingia.

Watano wote walizaliwa nje ya Australia. Stevie Wright, mwimbaji, mzaliwa wa Leeds. George Young, gitaa la rhythm, yaani la kushikilia mapigo, mtoto wa Glasgow, familia yake ilihama 1963 ikiwa na wadogo zake wawili, Malcolm wa miaka 10 na Angus wa miaka 8. Yashikeni majina hayo. Gordon Fleet, waliyemwita Snowy, mpiga drams, alitoka Liverpool, mkubwa kuliko wenzake na tayari ana mke na mtoto. Jina la Easybeats alilipendekeza yeye. Waholanzi walikuwa wawili: Dick Diamonde kwenye besi, ambaye jina la kwao ni Dingeman van der Sluijs, na Harry Vanda kwenye gitaa la solo, yaani Johannes van den Berg.

Harry alipofika alikuwa hajui Kiingereza vizuri, na jambo hilo lilibadilisha historia ya bendi. Nyimbo za mwanzo ziliandikwa na George pamoja na Stevie, kwa sababu Harry asingeweza kutunga mashairi kwa lugha ambayo bado anaikwaa. Kadiri Kiingereza chake kilivyokomaa ndivyo alivyokaa karibu zaidi na George, na kufika 1966 jozi ya waandishi ilikuwa imebadilika. Stevie akabaki kuimba. Tutarudi kwenye hilo tutakapofika kwenye fedha, maana fedha zilifuata kalamu.

Bendi ilijinoa kwenye ukumbi wa katikati ya Sydney ulioitwa Beatle Village. Jina linajieleza: Beatles walikuwa wamepita Australia Juni 1964 na kila kijana alitaka gitaa. Wakampata meneja, Mike Vaughan, na Vaughan akawafikisha kwa Ted Albert.

Hapo kwa Ted Albert naomba tukae kidogo. Familia ya Albert ilikuwa kwenye biashara ya muziki Sydney tangu karne ya 19. Mwanzilishi alikuwa fundi saa kutoka Uswisi, wakauza vinanda vya mdomo vyenye chapa ya Boomerang, wakachapisha vitabu vya nyimbo, wakawa na hisa kwenye redio. Mwaka 1964 Ted alianzisha Albert Productions na akafanya jambo ambalo Australia ilikuwa bado haijalizoea. Kwa kawaida kampuni kubwa ya santuri ndiyo iliyolipia studio, na kwa kuwa imelipia, mkanda mama, yaani rekodi asilia, ukawa wake milele. Ted aligeuza: yeye alilipia kurekodi, yeye akabaki na mkanda, halafu akaukodisha kwa EMI wakachapa santuri kwa lebo ya Parlophone. EMI walikuwa na viwanda na magari ya kusambaza. Ted alikuwa na kitu chenyewe. Na kwa kuwa kampuni ya familia yake ndiyo pia iliyochapisha nyimbo, haki ya utunzi na haki ya mkanda zilikaa chini ya paa moja.

Wanamuziki, huu ndio msingi wa yote. Wimbo mmoja una mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza ni wa aliyetunga na mchapishaji wake: unajaa kila wimbo unapopigwa redioni, kila santuri inapouzwa, na kila mtu mwingine anapourekodi upya. Mfuko wa pili ni wa mwenye mkanda: unajaa pale tu rekodi ile ile inapotumika. Mfuko wa tatu ni wa aliyepiga au kuimba, na huo unategemea mkataba wake. Mkataba ukiwa mbaya, ni mfuko uliotoboka. Mtu akija kuurekodi upya wimbo wako miaka 20 baadaye, mfuko wa kwanza peke yake ndio unaofunguka.

Wimbo wa kwanza, mapema 1965, haukufika mbali. Wa pili, "She's So Fine", uliingia tatu bora za Australia, na kuanzia hapo kelele hazikunyamaza: "Wedding Ring", "Women", "Come and See Her", na "Sorry" uliofika namba moja mwishoni mwa 1966. Magazeti yaliita homa ile Easyfever. Wasichana walizingira nyumba ya akina Young kule Burwood, na mdogo mtu Angus akawa anarudi kutoka shuleni akikuta polisi mlangoni.

Kwa fundi wa sauti, homa ile ilikuwa adha. Mwaka 1965 spika za kumrudishia mwanamuziki sauti yake jukwaani zilikuwa bado hazijaenea. Spika za ukumbi zilibeba uimbaji tu, gitaa zikategemea amplifaya zao zilizo nyuma ya wapigaji. Watu elfu mbili wakipiga mayowe, mpiga drams hamsikii mpiga besi, na asipomsikia anakimbia. Dawa ilikuwa macho: unamtazama mwenzako mkono. Ukisikiliza santuri zao za 1965 na 1966 utasikia jinsi gitaa la George linavyokatakata kila pigo bila kuyumba. Kila mtu anaegemea pale. Ni tabia iliyozaliwa ukumbini, kwenye makelele.

Julai 1966 wakapanda ndege kwenda London. Ted Albert alikwenda nao, akawarekodi kwenye studio za EMI za Abbey Road, lakini United Artists, waliokuwa na haki ya kuwatoa nje ya Australia, wakazikataa nyimbo zile. Si rahisi mtu kukubali pigo la namna hiyo. Ted alikubali, akakaa pembeni, na kazi ikapewa Shel Talmy, Mmarekani aliyekuwa amezitayarishia bendi za Kinks na The Who santuri zao za mwanzo. Naye alizirudisha nyimbo kadhaa kabla ya kupelekewa moja aliyoikubali: "Friday on My Mind", imeandikwa na Vanda na Young.

Tuifungue tuone ndani.

Mada ni ya mtu wa kazi za wiki. Jumatatu mbaya, Jumanne ina nafuu kidogo, Jumatano haisogei, Alhamisi inajivuta, na yeye moyo wake uko Ijumaa. Kwetu pwani neno Ijumaa lina sala ndani yake, na ndiyo inayokamilisha juma, kwa sababu hesabu yetu inaanza Jumamosi. Kwa kijana wa kiwandani Sydney au Glasgow, Ijumaa ilikuwa siku ya bahasha: mshahara ulilipwa kwa wiki, taslimu, ukitoka zamu ya mwisho. Usiku ule unazitumia, Jumatatu unarudi kwa bosi yule yule. Vijana waliokulia kambi ya wahamiaji hawakuhitaji kuelezwa hilo na mtu.

Sasa muziki. Gitaa linaanza kwa noti fupi fupi za haraka kwenye uzi mmoja mmoja, kama mshale wa saa. Ubeti uko kwenye minor, ngazi yenye huzuni, umebanwa, mashairi yanahesabu siku. Halafu kiitikio kinafunguka kwenda major, ngazi yenye furaha, na hapo ndipo mji unapowaka taa. Hahitajiki mtu wa kukuambia kwamba sasa ni Ijumaa. Chodi zenyewe zinakuambia. Yote hayo chini ya dakika tatu.

Vijana wengi wanaojifunza kuupiga wanaharibu pale mwanzoni. Kosa la kwanza ni kuwasha distoshani, ule mkwaruzo wa sauti, kupita kiasi: noti za haraka zikiwa na mchanga mwingi zinashikana, mstari unakuwa tope. Weka sauti karibu na safi, ongeza treble, yaani sauti za juu, kidogo. La pili ni kuziacha noti zilie. Kila noti lazima ikatwe, na haikatwi kwa mkono wa pleki peke yake; kidole cha kushoto kinalegezwa juu ya uzi mara tu noti inapotoka, bila kuuachia uzi wote, la sivyo utasikia uzi mtupu ukilia. La tatu ni kukimbia. Mwanzo ule hauna drams nzito za kukushikilia, kwa hiyo pigeni mguu wote pamoja tangu kabla ya noti ya kwanza. Mkianza polepole kuliko mnavyodhani inafaa, mtafika kwenye kiitikio mkiwa mahali sahihi.

Na kumbukeni vifaa. Studio za London mwaka ule zilirekodi kwenye mkanda wa njia nne. Njia nne kwa bendi ya watu watano wenye sauti za kuitikia! Unarekodi vyombo kwenye njia moja au mbili, njia zikijaa unazichanganya na kuzihamishia kwenye njia moja iliyobaki, ndipo unapata nafasi ya sauti za nyuma. Kila uhamisho unaongeza mvumo wa mkanda, na uwiano ulioamua saa tano asubuhi huwezi kuugusa tena saa kumi jioni. Besi ikiwa ndogo, imebaki ndogo. Ndiyo maana mpango wa wimbo ulilazimika kukamilika vichwani mwa watu kabla taa nyekundu haijawaka, na mafunzo hayo George na Harry hawakuyaacha hata walipopata njia 16 na 24.

Wimbo ulitoka Oktoba 1966. Namba 6 Uingereza, namba 16 Marekani, namba moja Australia na Uholanzi kwa akina Harry. David Bowie aliurekodi upya 1973. Mwaka 2001 chama cha haki za watunzi cha Australia, APRA, kilipowauliza watu wake wimbo bora wa nchi wa miaka 75, jibu lilikuwa huo.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuvuja, na yalivuja sehemu nyingi kwa pamoja.

Kwanza, muda. Wimbo uliofuata ulichukua miezi, na ulipotoka mapema 1967 haukuwa na uzito ule. Uingereza haukuingia chati. Chati za siku zile zilikuwa za wiki kwa wiki, ukikaa kimya miezi minne watangazaji wamekwishahamia kwingine. Pili, mikataba. Ushirikiano na Talmy ulivunjika, na waliporekodi nyimbo za kutosha albamu nzima, migogoro ya fedha ikazuia mikanda. Sehemu kubwa ya kazi ile umma uliisikia mara ya kwanza 1977, bendi ikiwa imeshakufa miaka minane. Hebu fikirini kazi yenu bora ya mwaka mzima imefungiwa kabatini kwa sababu watu wawili wasioshika chombo hawajakubaliana nani alipe bili. Tatu, watu. Snowy Fleet alichoka kukaa mbali na familia, akaondoka 1967. Baadaye kiti chake kikachukuliwa na Tony Cahill. Dawa za kulevya nazo zikaingia. Nne, na hili nalitaja kwa uchungu kwa sababu walikuwa na kipaji cha kuepuka, walipoteza sura. Walitoa wimbo wa ngoma nzito, kisha wa majaribio, kisha "Hello, How Are You" wa 1968, wimbo wa kubembeleza wenye vinanda. Ulifika namba 20 Uingereza, na kila nafasi ulioipanda ilimfukuza shabiki wa roki. George mwenyewe baadaye aliuona kuwa kosa.

Mwaka ule ule walikuwa na "Good Times", roki kavu, Steve Marriott wa Small Faces akisaidia kupaza sauti nyuma na Nicky Hopkins kwenye piano. Haukuuza inavyostahili. Miaka 18 baadaye, 1986, INXS na Jimmy Barnes waliurekodi upya karibu pigo kwa pigo na ukavuma. Kumbukeni ile mifuko mitatu: uliofunguka ni wa watunzi.

Mwishoni mwa 1969 walizunguka Australia mara ya mwisho, wakaachana.

George na Harry walirudi London, wakakaa hadi 1973 wakilipa madeni. Miaka hii waandishi wengi huiruka. Kwangu ndiyo shule yenyewe. Walitoa nyimbo kwa majina ya bendi ambazo hazikuwepo: Paintbox, Tramp, Haffy's Whiskey Sour, Marcus Hook Roll Band. Hakuna bendi, ni wao wawili na rafiki mmoja au wawili. Ukikosa mpiga besi unapiga besi wewe. Ukikosa piano unajifunza piano. Wakazielewa ala zote kwa ndani. Na kwa kuwa hawakuwa na jina la kulinda, walijaribu kila mtindo na kusikia upi unasimama. Kazi ya mwisho ya Marcus Hook ilirekodiwa Sydney, na George akawaleta wadogo zake wawili kupiga gitaa. Malcolm na Angus walikuwa hawajatoa santuri yoyote bado.

Ted Albert hakuwa amewasahau. Walipohamia Sydney moja kwa moja, kampuni yake ikawa na studio yake yenyewe kwenye jengo la familia mtaa wa King, na akawapa funguo. Mwaka huo wa 1973 ndio AC/DC, bendi ya Malcolm na Angus, walipoanza.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa ya rafiki yao wa zamani. Stevie Wright alirekodi "Evie", dakika 11, sehemu tatu: roki ya kutongoza, kisha wimbo wa polepole wa mapenzi yaliyotulia, kisha kilio cha kumpoteza. Santuri ndogo ya inchi 7 ina tatizo la kimaumbile hapo. Kadiri upande mmoja unavyokuwa mrefu, ndivyo mifereji inavyobanana, na mifereji ikibanana huwezi kuichonga kwa upana, sauti inakuwa ndogo na besi inapungua. Wakaweka sehemu ya kwanza upande A, ambayo redio ingepiga kwa nguvu zote, na mbili zilizobaki upande B. Wazee wetu waliokuwa na santuri za dansi wanaufahamu mkato huo: wimbo unaisha katikati, unageuza, sebene liko upande wa pili. "Evie" ulishika namba moja Australia 1974. Gitaa la sehemu ya kwanza alipiga Malcolm Young.

Halafu AC/DC. Kati ya 1975 na 1978 George na Harry walitayarisha High Voltage, T.N.T., Dirty Deeds Done Dirt Cheap, Let There Be Rock, Powerage, na albamu ya jukwaani If You Want Blood You've Got It. Sita kwa miaka minne. Kwenye zile za mwanzo George alipiga hata besi pale ilipohitajika.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Malcolm na Angus wanaleta mlio wa gitaa. George haukubali kwenye gitaa. Anakwenda kwenye piano, anaupiga pale, polepole, bila distoshani, bila ukali. Kama bado ni wimbo, unaingia studio. Kama uliokuwa ukiubeba ni ukali wa amplifaya tu, piano inauvua nguo. Jaribio hili halihitaji fedha, na bendi yoyote inaweza kulifanya kesho asubuhi kwa kinanda cha kukopa.

Kisha bendi inapiga pamoja chumba kimoja, kwa sauti ya jukwaani. Kupiga vyombo kimoja kimoja kungeleta usafi, lakini walitaka ile hali ya watu wanaotazamana, ile ya kumbi za 1965. Sauti ya gitaa inavuja kwenye maikrofoni za drams, na ukishaingia mvujo huwezi kumrekebisha mmoja bila kuwagusa wote. Kwa hiyo mnachagua kati ya mapigo kadhaa lile lenye roho. Kosa dogo lenye roho linabaki. Pigo safi lililopoa linatupwa.

Kisa cha Angus wakati wa kurekodi wimbo "Let There Be Rock" kinajulikana, ameusimulia mwenyewe. Yuko katikati ya solo, amplifaya nyuma yake inaanza kutoa moshi. Amplifaya za vali zina volti mia kadhaa ndani. Ukizisukuma mwisho kwa muda mrefu vali na transfoma zinachemka, na kitu kikiungua ndani kinaungua kweli. Angus anageuka anauona moshi. Kule nyuma ya kioo George anamfanyia ishara ya mikono: endelea, usisimame! Akaendelea hadi mwisho, amplifaya ikafa. Solo lile ndilo lililo kwenye santuri.

Sasa tazameni magitaa mawili. Malcolm alipiga Gretsch Jet Firebird iliyopitia mikononi mwa Harry Vanda. Aliitoa pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za ziada ikabaki moja, akafunga nyuzi nene, ya kwanza inchi 0.012, na amplifaya haikufunguliwa hadi mwisho, ili chodi isikike noti zote. Angus alitumia Gibson SG na nyuzi nyembamba, 0.009, ili ziweze kuvutwa. Mmoja ukuta, mwingine kisu. Watu wakisikia AC/DC hudhani magitaa yote yana distoshani ya kufa mtu. Wakinakili hivyo wanapata mvumo usio na ngumi. Uzito unatoka kwenye chodi karibu safi, inayopigwa kwa nguvu, kisha inanyamazishwa. Mgawanyo ule ni wa George na Harry wa Easybeats, rhythm na solo, na wapiga dansi wa huku wanaujua bila kufundishwa.

"It's a Long Way to the Top" wa 1975 nao una siri yake: haukupigwa wote kwa mkupuo. Bendi ilipiga muda mrefu, George akachukua wembe na kuukata mkanda, akaunganisha vipande mpaka wimbo ukatokea. Ukikata mkanda unakata mshazari, si wima, ili sauti moja iingie ndani ya nyingine bila mlio wa kugonga. Na unakata kwenye pigo la drams, kwa sababu kishindo kinaficha mshono. Bendi isiyo na tempo thabiti haiwezi kuunganishwa hivyo, vipande havilingani. Zile filimbi za Kiskoti anazopuliza Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC, ni wazo la George pia.

Baada ya 1978 kampuni ya Marekani ilitaka mtayarishaji mwingine, na Highway to Hell ikafanywa na Mutt Lange. AC/DC walirudi kwa George na Harry baadaye, na George peke yake alitayarisha Stiff Upper Lip ya 2000.

Wakati huohuo, mtaa huohuo, wawili hawa waliandika "Love Is in the Air" ulioimbwa na John Paul Young, asiye ndugu wa George: namba 5 Uingereza na namba 7 Marekani mwaka 1978. Ni wimbo wa harusi za dunia nzima. Walitayarisha Rose Tattoo na The Angels. Na kwa starehe yao wakaunda Flash and the Pan, ambao wimbo wao "Walking in the Rain" Grace Jones aliuimba 1981 na kuufanya wake.

Stevie Wright hakupata mwisho mwema. Heroini ilimshika katikati ya mafanikio ya "Evie", na alipotafuta tiba alipelekwa Hospitali ya Chelmsford, Sydney, ambako wagonjwa walilazwa usingizi wa dawa kwa siku nyingi na kupigwa shoti za umeme. Yaliyofanyika pale yalichunguzwa baadaye na tume ya kifalme. Aliendelea kuumia miaka mingi. Nyimbo za 1965 alizoshiriki kuandika zilimpa haki yake, lakini "Friday on My Mind" na "Good Times", zilizorekodiwa tena na tena, hazikuwa na jina lake kwenye kalamu, ingawa sauti ambayo dunia inaijua ni ya kwake. Alifariki Desemba 2015. George alifariki tarehe 22 Oktoba 2017, na mdogo wake Malcolm akamfuata kabla mwezi haujaisha, 18 Novemba.

Fundi ameniashiria kwamba santuri iko tayari. Tutapiga tatu, kwa mpangilio huu: "She's So Fine", kisha "Friday on My Mind", kisha "Let There Be Rock". Kwenye wa kwanza fuatilieni mkono wa kulia wa George, acheni sauti ya Stevie ipite. Kwenye wa pili sikilizeni ile sekunde ambapo minor inageuka major. Na kwenye wa tatu, solo likifika mwishoni, mjue chumba kile tayari kilikuwa kimejaa moshi. Fundi, punguza treble kidogo, halafu weka.